Amesomea dawa, mbona aende kwa wenye hisa?

Jumamosi jioni dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Umoja. Hakunisalimu. Alisema tu, "Njoo uzungumze na mpwa wako kabla hajapotea." Mtu wa Eastlands akiambiwa hivyo huwa hasubiri kumaliza chai. Nilidandia matatu huku moyo ukinidunda, nikiwaza mambo yote mabaya yanayoweza kumpata binti wa miaka thelathini na miwili katika jiji hili.

Nilipofika nilimkuta mpwa wangu ameketi sebuleni, salama salimini, akimenya njegere pamoja na nyanya yake. Kosa lake lilikuwa barua iliyokuwa mezani. Binti huyu ni mfamasia. Alisoma miaka mitano Chuo Kikuu cha Nairobi, na karo ile dada yangu aliitafuta kwa kuuza nguo sokoni Mutindwa, jua na mvua vikimnyeshea. Sasa kampuni moja ya dawa, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la nje ya Kenya, ilikuwa imempa kazi ya kusimamia idara ya uhusiano na wawekezaji.

"Nimeuza mitumba ili avae koti jeupe," dada akalalamika. "Sasa anataka kwenda kuwa mpiga domo wa matajiri. Wagonjwa atawaachia nani?"

Mimi nilijikuna kichwa. Kusema kweli, hata mimi kazi hiyo nilikuwa sijaielewa, na si ajabu. Viwanda vingi vya dawa tunavyovijua hapa, kama Cosmos kule Industrial Area au Dawa Limited kule Baba Dogo, havimo katika soko la hisa. Mtu anaweza kupita langoni kila asubuhi kwa miaka ishirini asihitaji kujua mwenye mali ni nani. Nikamwomba mpwa wangu atueleze polepole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa.

Akaweka njegere kando. "Mama, kampuni ikiuza hisa kwa watu wote, wenyewe wanakuwa maelfu. Wapo wenye mamilioni, wapo mabenki, wapo wazee wa uzeeni wenye hisa mia mbili. Wote wameweka pesa zao mahali wasipopaona. Lazima awepo mtu wa kuwaambia pesa hizo zinafanya nini, na wakiuliza awajibu. Mtu huyo ndiye mimi."

Akatueleza kwamba mwaka wa kazi hiyo unazunguka kwenye hesabu. Kuna matokeo ya nusu mwaka, matokeo ya mwaka mzima na mkutano mkuu wa wenye hisa. Katikati ya hayo kuna maswali kila siku. Yeye hukaa na mhasibu, akaenda kiwandani, akazungumza na wakubwa, kisha akaandika habari ile kwa maneno ambayo mwenye hisa mia mbili na mwenye hisa milioni mbili wataelewa sawasawa.

"Na faida ikianguka?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo mshahara unapolipwa, Mjomba. Kusema habari njema hakuhitaji mtu wa kuajiriwa."

Hapa Kenya sheria inalijua jambo hilo. Kampuni iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi ikiona kwamba faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, ni lazima itoe ilani kwa umma mapema. Haikubaliki kungoja watu wagutuke wenyewe. Ndizo zile ilani tunazoziona magazetini, tukazipita mbio kutafuta ukurasa wa michezo.

Dada hakuridhika. Akauliza kwa nini wamchukue mfamasia kwa kazi ambayo mhasibu angeifanya. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo lililoanza kunigeuza.

Dawa si sukari wala saruji. Mpwa wangu alitutajia Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya kampuni ya Merck ya Marekani. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni hiyo iliiondoa sokoni baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba waliokuwa wakiitumia kwa muda mrefu walizidi kupatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Siku hiyo moja bei ya hisa za Merck ilianguka kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo anayezungumza na wenye hisa wa kampuni ya dawa ni lazima aelewe ripoti ya uchunguzi kama anavyoelewa hesabu. Asipoielewa atasema "hakuna shida" mahali penye shida, na watakaoumia ni wawili: mwenye hisa na aliyemeza kidonge.

Mfano wa pili uko jirani. Kule Luzira, Kampala, kuna kiwanda kilichoanzishwa 2005, kinachotengeneza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na dawa za malaria. Kwa miaka mingi kilisimamiwa na Cipla ya India. Mnamo Septemba 2018 kiliingia katika soko la hisa la Uganda, kila hisa ikiwa imeuzwa kwa shilingi 256.5 za Uganda. Dawa zake zilihitajika na wagonjwa hawakupungua. Lakini wanunuzi wakubwa wa dawa kama hizo ni serikali na wafadhili, na serikali haichelewi kuagiza, huchelewa kulipa. Deni kubwa la serikali ya Zambia likakiumiza kiwanda, na bei ya hisa ikashuka hadi chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Mwaka wa 2023 Cipla iliuza sehemu yake, iliyokuwa zaidi ya nusu ya kampuni, kwa Africa Capitalworks, na leo kampuni inaitwa Quality Chemical Industries.

"Sasa, Mama," binti akasema, "fikiria mwalimu wa Kampala aliyenunua hisa zile kwa akiba yake. Anaona bei inashuka, naye anajua wagonjwa wapo na dawa zinanunuliwa. Atamwuliza nani? Akikosa wa kumjibu atauza kwa hofu, au atasikiliza uvumi wa kwenye matatu."

Wakati wote huo mama yetu, nyanya wa binti, alikuwa kimya. Sasa akainuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa zamani wa Kimbo. Ndani mlikuwa na dawa zake za presha, miwani iliyovunjika mkono, na vyeti vya hisa vilivyokunjwa mara nne. Vyeti hivyo vya kampuni moja ambayo sitaitaja alinunuliwa na marehemu baba tulipokuwa tukiishi Jericho.

"Baba yenu alipofariki niliandika barua," akasema. "Sikujibiwa. Nikaenda mjini mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia nije kesho. Mara ya pili nilitumwa ghorofa nyingine. Mara ya tatu kijana mmoja aliniuliza, 'Shosho, umepotea?' Sikurudi tena." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wewe ukipata kazi hiyo, mwanamke kama mimi akija, utamkalisha kwenye kiti?"

"Nitamkalisha, Nyanya."

"Basi nenda."

Dada yangu akainama, akaendelea kumenya njegere zilizobaki. Kesi ikaishia hapo, na mimi niliyeitwa kuwa hakimu sikuwa nimetoa hukumu yoyote.

Kwa faida yako msomaji, ikiwa na kwenu upo mkebe kama ule, usiuache kabatini. Tangu 2004 hisa za soko la Nairobi zimekuwa zikihamishwa kutoka vyeti vya karatasi hadi akaunti za CDS, na akaunti hiyo hufunguliwa kwa wakala wa hisa aliyeidhinishwa. Kama mwenye hisa amefariki, familia itahitaji hati za mahakama za kusimamia mirathi. Na gawio lililokaa miaka bila kuchukuliwa halikupotea. Kwa sheria ya mwaka wa 2011, mali kama hiyo hupelekwa kwa mamlaka ya serikali iitwayo UFAA, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai. Mama tayari tumemwanzishia safari hiyo, na safari hii hataenda peke yake.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mmefichwa nyuma ya kitabu cha kemia, msidhani sayansi inaishia maabarani au kwenye kaunta ya kemisti. Mwenye sayansi anaweza kuongeza mitihani ya uhasibu au ya uchambuzi wa uwekezaji inayotolewa na KASNEB, akafungua mlango ambao wengi hawajui kama upo. Lakini msiidharau insha. Mpwa wangu anasema nusu ya kazi yake itakuwa kuandika sentensi moja ambayo watu elfu kumi hawataielewa vibaya.

Sasa nikiri jambo ambalo nilitaka kulificha. Nilipoaga, binti alinisindikiza hadi kituo cha matatu. Pale gizani, mimi mzee mzima ninayewashauri wenzangu kila Jumapili, nilimnong'oneza, "Ukisikia kuna jambo zuri linakuja huko kampuni, usimsahau mjomba wako."

Akasimama. Hakucheka.

"Mjomba, siku nitakayokuambia, wewe utapata pesa kidogo na mimi nitapata kesi. Kununua hisa kwa siri ya ndani ni jinai. Na Nyanya mwenye mkebe wake atakuwa amenunua kwa bei ambayo wewe tayari unajua si ya kweli."

Nilijaribu kusema nilikuwa natania. Matatu ikaja, nikapanda, na njia nzima hadi nyumbani sikumtazama utingo machoni.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu. Mtoto wetu akipata kazi benki tunataka mkopo, akiwa polisi tunataka atutolee mtu seli, akiwa hospitalini tunataka turuke foleni. Tunasema ni udugu. Kumbe tunamwekea kamba shingoni, tena aliyesomeshwa kwa mitumba. Ikiwa mwanao ameajiriwa mahali pa kutunza siri za watu, msaada mkubwa unaoweza kumpa ni kutomuuliza.

Jumatatu anaanza kazi. Dada amempigia pasi suti yenyewe, na koti jeupe amelikunja akaliweka kabatini, maana anasema huwezi kujua. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.