Marehemu Aliyefufuliwa na Mashine

Tarehe 1 Agosti 2025 marehemu alifumbua macho huko India. Siku hiyo filamu ya Raanjhanaa, iliyotoka mwaka 2013, ilirudishwa katika majumba ya sinema kwa Kitamil, ikiitwa Ambikapathy. Katika filamu ya asili Kundan, kijana wa Kihindu wa mji wa Banaras, anafia hospitalini. Katika hii mpya anazinduka. Kampuni ya Eros, inayodai haki zote za filamu hiyo, ndiyo iliyoubuni mwisho huo kwa akili unde, pasi na ridhaa ya mwongozaji Aanand L. Rai wala mchezaji Dhanush. Wote wawili walilalamika hadharani, na Dhanush akasema filamu imepokonywa roho yake.

Kutaka mfu aamke si jambo geni kwetu watu wa pwani, ambao filamu za Kihindi zimetulea. Waliokuwa wakienda Regal na Naaz hapa Mombasa wanakumbuka: shujaa akifa, watu hawakulala. Filamu ilianza upya barazani. Huyu humwokoa kwa risasi iliyokosa, yule humleta mama aliyepotea zamani, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Hata Sholay ya 1975 wengi waliikataa. Vipi Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, afe na kumwacha yule mjane Radha katika nguo zake nyeupe?

Mimi sioni ubaya wa baraza. Asiyetamani mwisho mwingine hakuguswa na ule wa kwanza. Kisa cha Laila na Majnun, alivyokitunga Nizami mwaka 1188, huishia kaburini. Lakini katika baadhi ya nakala mna ndoto, na wapo wataalamu wasemao iliongezwa na mkono mwingine: mtu aitwaye Zaid awaona wapenzi hao wako peponi. Tazama adabu ya mwongezaji huyo. Hakufukua kaburi, aliacha mauti yawe mauti, akatafuta rehema ng'ambo yake. Mwairishi Nahum Tate hakuwa na subira hiyo. Mwaka 1681 aliugeuza mchezo wa Shakespeare, King Lear, mfalme akabaki hai na bintiye akapata mume, na watazamaji wakaushikilia huo kwa miaka kama mia na hamsini. Hata hivyo Tate alitia jina lake, na maneno ya Shakespeare yalibaki kitabuni kwa ayatakaye.

Sasa tumtazame huyu Kundan. Anampenda Zoya, msichana wa Kiislamu, ambaye yu karibu kuolewa na kijana aliyejitia Uislamu ili akubaliwe na wazee. Kundan anaifichua siri hiyo. Kijana anapigwa na jamaa za Zoya, na mwishowe anakufa. Hiyo ni damu. Kundan anahangaika nayo filamu nzima, hata anapofikwa na mauti yake katika mkutano wa siasa, kwa njama ambayo Zoya mwenyewe ana mkono ndani yake. Kifo hicho ni deni linalolipwa. Kundan akiamka kitandani, nani atamlipa yule wa kwanza? Yeye mashine haikumfufua.

Na kwa sisi watunzi hapo ndipo penye moto. Wazee wetu walitia majina yao katika beti za mwisho za tenzi, pengine na tarehe, ili utungo usije ukazushiwa baba mwingine. Mwenye mali ni mwenye mali, sikatai. Lakini kununua jahazi si kumnunua fundi aliyeliunda.

Mwezi Juni mwaka huo huo wa 2025, huko Bologna, Italia, Sholay ilionyeshwa na mwisho alioukusudia mwongozaji Ramesh Sippy: Thakur anamuua jambazi Gabbar. Wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho huo mwaka 1975, polisi wakaingizwa kumkamata. Imechukua miaka 50 kuurudisha. Jai bado anakufa, na Radha bado anafunga dirisha lake.