Sauti Inayotuongoza Magofuni Nayo Iwe na Isnadi

Wazazi wenzetu, likizo ya shule inapokaribia, kamati za misikiti huulizwa kuhusu ziara ya vijana wa madrasa. Sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji hatuna haja ya kutafuta mbali. Gari likishaiacha Ikwiriri na kulivuka Daraja la Mkapa, barabara ya kusini hutufikisha Somanga, kisha Nangurukuru, ambako tunapinda kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Hapo tunachukua kibali cha kuingia, tunapewa mwongozaji, na tunavuka mlango mfupi wa bahari hadi Kilwa Kisiwani, yalipo magofu ambayo mwaka 1981 UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na yale ya Songo Mnara.

Tunalotaka kulijadili wiki hii ni sauti itakayomsemesha kijana wetu akishafika. Katika majengo mengi ya kale duniani, kama Alhambra ya Granada nchini Hispania, mgeni huweza kukodi kifaa cha sauti. Akifika mahali penye namba, huibonyeza na kusikilizishwa habari za mahali hapo. Vijana wetu nao wana simu, na hutembea na masimulizi waliyoyapakua. Jambo hilo lina manufaa, kwa kuwa msikilizaji husimama apendapo na hurudia asichokielewa. Lakini sisi tuliofunzwa kuuliza, kabla ya kuipokea habari, imepokewa kwa nani, hatuna budi kuuliza hivyo hivyo hapa. Je, asemaye sikioni ni nani, na habari hiyo ameitoa wapi?

Tutoe mfano. Inasimuliwa kwamba Ali bin Hassan, mwana wa mfalme wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Ni masimulizi ya zamani, nayo yanastahili kusikilizwa. Hata hivyo, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za makazi ya watu wa pwani yaliyotangulia majumba ya mawe. Sauti inayomwambia mtoto kwamba mji ulianza siku mgeni aliposhuka jahazini humfundisha, pasipo kukusudia, kwamba babu zake walikuwa watazamaji tu. Neno moja, "inasimuliwa", lingetosha kuiweka habari mahali pake.

Mfano wa pili una mpokezi anayejulikana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Anaeleza kuwa fakiri kutoka Yemen alimkabili Sultani baada ya swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akabadili nguo katika nyumba ya khatibu, akampa. Mwana wa Sultani alizichukua tena nguo zile na kumpa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani naye, aliposikia, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wasimulizi wengi hukomea kwenye nguo. Tunaona vijana wetu wasikie habari yote, ukarimu na utumwa pamoja, kisha wazazi wajibu maswali yatakayofuata.

Kwa hiyo tunapendekeza kila madrasa itayarishe sauti yake, kwa Kiswahili. Si kazi ngumu. Mwalimu asome habari fupi za dakika mbili au tatu kwa kila kituo, mzee mjuzi azisikilize na kuzisahihisha, kisha zihifadhiwe simuni kabla ya safari ili mtandao usiwe kikwazo. Vituo vinajulikana: Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya matao na kuba ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo huyo, lenye birika la kuogea la pembe nane, na Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno baada ya kuuteka mji mwaka 1505.

Pia sauti hiyo izungumzie boriti. Katika nyumba za mawe za pwani, dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vingi ulifuata urefu wa miti hiyo. Kijana wa delta ambaye babu yake alikata boriti na kuzipakia majahazini atatambua kuwa kazi ya ukoo wake imo ndani ya historia hii. Mikoko hiyo hiyo ndiyo kinga ya fukwe dhidi ya mawimbi, na mawimbi ni miongoni mwa maadui wa magofu haya, yaliyokuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014.

Tukifika Msikiti Mkuu, kuna suala la fikihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, msikiti ukibomoka haukomi kuwa msikiti. Ni wakfu, hauuzwi wala haugeuzwi. Basi aingiaye pale ameingia msikitini, hata kama juu yake ni mbingu. Twahara, mavazi ya stara na sauti ya chini vinahitajika. Tunashauri sauti ya simu ikome mlangoni, na vijana wasimame kimya mbele ya mihrabu kabla ya kusikia lolote.

Vilevile kifaa kiwekwe sikio moja tu. Sikio la pili ni la mwongozaji na la wanakijiji, kwani Kisiwani wanaishi watu, na mzee wa hapo aweza kujibu swali ambalo sauti iliyorekodiwa haiwezi kuulizwa.

Wapo watakaosema kuwa fedha za safari zingenunua mikeka. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini Qur'ani inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuuzingatia mwisho wa waliotutangulia, na msikiti wenye mikeka mipya utahitaji vijana wanaojua kwa nini wakae juu yake. Madrasa isiyomudu nauli ianze na kurekodi. Mzee wa mtaa aketishwe baada ya Alasiri, aulizwe habari za msikiti wake mwenyewe: nani aliutoa wakfu, nani aliujenga, na alizisikia kwa nani.

Wabillahi tawfiq.