Kuyatawanya Mafuta si Kuyaondoa

Watu wengi wakisikia kwamba mafuta yaliyomwagika baharini yametiwa dawa, hudhani kwamba mafuta hayo yamekwisha. Hayakwisha. Dawa ya kutawanya mafuta hufanya kazi kama sabuni kwenye sahani yenye ufuta wa nyama: huuvunja utando ulioelea ukawa matone madogo mno, na matone hayo huchanganyika na maji ya chini. Ndege na fukwe huenda wakasalimika. Mayai ya samaki, samaki wachanga na matumbawe ndio wanaoupokea mzigo. Kwa hiyo kila anyunyizaye dawa hiyo amekwisha kuchagua ni viumbe gani waumie, na sheria njema ni ile inayomlazimu kutoa hesabu ya uchaguzi wake.

Jambo hili si geni. Machi 1967 meli iitwayo Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Waingereza walitumia tani zipatazo 10,000 za sabuni za viwandani, zenye sumu kuliko mafuta yenyewe. Miamba iliyoachwa bila sabuni ilirejewa na viumbe vyake katika miaka michache. Ile iliyooshwa kwa bidii ilihitaji miaka kumi na zaidi. Dawa za siku hizi hazina ukali kama ule. Hata hivyo swali ni lile lile: je, nani anapima kinachotokea chini ya maji?

Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yakabubujika kwa siku 87. Zilitumika lita zipatazo milioni 7 za dawa. Karibu milioni 3 kati ya hizo zilipulizwa penye mdomo wa kisima, kwenye kina cha mita 1,500, ambako dawa hiyo haikuwahi kutumiwa kwa kiasi kama hicho. Kanuni iliyokuwapo ilikuwa ya 1994. Iliridhika iwapo dawa ilitawanya asilimia 45 ya mafuta ndani ya chupa ya maabara. Lakini chupa haina baridi ya kina kile, wala shinikizo lake, wala mikondo. Tena orodha ya viambato vya dawa hizo haikuwekwa wazi kwa umma mpaka Juni, wakati unyunyizaji ulikuwa umeendelea kwa wiki kadhaa. Baadaye watafiti walikikuta kiambato kimojawapo katika maji ya kina kirefu, umbali wa kilomita 300 hivi, siku 64 baada ya upulizaji wa chini kukoma.

Serikali kuu ya Marekani ilichukua miaka mingi kujirekebisha. Mapendekezo yalitolewa 2015, yakakaa, hata ikabidi wananchi waende mahakamani. Hatimaye zilitoka kanuni mbili. Ile ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, ilimtaka aliyesababisha umwagikaji ayapime maji kila dawa inapopulizwa chini ya bahari, au inaponyunyizwa juu ya mafuta yaliyozidi galoni 100,000 katika saa 24, au unyunyizaji unapopita saa 96. Apime mafuta, ukubwa wa matone na oksijeni, na kila siku apeleke matokeo kwa msimamizi wa serikali. Ile ya 2023 ilifanya upya majaribio ya maabara, dawa ikajaribiwa katika nyuzi 5 na nyuzi 25 za Selsiasi, na kuwapunguzia watengenezaji nafasi ya kuficha viambato kwa kisingizio cha siri ya biashara.

Mimi naithamini zaidi ile ya 2021. Maabara hutabiri; kipimo cha baharini hutoa ushahidi. Wapo wasemao kwamba vipimo huichelewesha kazi ya dharura, na hoja yao si ya kudharauliwa, maana mvuke wa mafuta huwadhuru wafanyakazi walio juu, na dawa iliyopulizwa chini yaweza kuupunguza. Lakini kanuni hiyo haikuipiga dawa marufuku. Ilidai hesabu tu.

Upungufu ninaouona uko katika ile ya 2023. Mafuta ya kujaribia dawa hizo ni ya Alaska, hali mafuta hayafanani. Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Mafuta ghafi ya bonde la Ziwa Albert, ambayo kwa ajili yake limebuniwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, yana nta nyingi. Ndiyo sababu bomba lenyewe ni la kupashwa moto. Mafuta ya namna hiyo yakipoa huganda, hata katika maji ya vuguvugu ya Tanga, na dawa ya kutawanya haiyapenyi kwa urahisi. Tukiiazima orodha ya Marekani kama ilivyo, tutakuwa tumeazima majibu ya swali jingine. Yatupasa tuyafanye majaribio wenyewe, kwa maji ya Tanga na mafuta ya Hoima, matokeo yachapishwe, na gharama wailipe wenye bomba.