Mtoto na mashine: nani amfundishe mwenzake?

Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu wachache kwa faida yao wenyewe. Alipokuwa kijana mjini Johannesburg alisimama upande wa wapinzani wa ubaguzi wa rangi, na mwaka 1954 alihama akaenda kusoma Uingereza. Makaburu wakampoteza mtaalamu wa hesabu, na dunia ikampata mwanafikra wa elimu ambaye walimu wetu yafaa wamfahamu, na wamkosoe pia.

Tangu mwaka 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri. Humo akathibitisha kwamba mtoto si debe tupu lingojalo kujazwa. Kisha akahamia Marekani, katika chuo cha MIT. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Papert na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya watoto.

Siku zile wataalamu wengi waliitaka kompyuta iwe mkaririshaji: iulize, mtoto ajibu, itoe maksi. Papert aliupindua mpango huo. Mtoto ndiye aiamuru mashine. Logo ikapewa "kobe" anayechora mstari kila aendako. Mtoto humwambia aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, arudie mara 4, na mraba unatokea. Sasa amwagize achore pembetatu ya pande sawa. Watoto wengi huandika nyuzi 60, kwa kuwa ndiyo pembe waliyofundishwa ubaoni, na kobe huishia njiani bila kulifunga umbo. Mtoto huinuka, hutembea mwenyewe sakafuni, hugeuka, na hapo hugundua kwamba mwenye kutembea hugeuka nyuzi 120. Hakuchapwa wala hakuchekwa. Kosa lake limekuwa ndilo somo. Sisi tuliosoma kwa kuogopa kalamu nyekundu tunajua thamani ya jambo hilo.

Lakini mawazo mema nayo hukutana na hali halisi. Papert alikuwa miongoni mwa waasisi wa mpango uliotangazwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Nicholas Negroponte, wa kumpa kila mtoto wa nchi maskini kompyuta yake ndogo. Peru ilinunua laki nyingi. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika shule 319 za vijijini nchini humo: baada ya miezi 15 hapakuonekana tofauti katika mitihani ya hesabu wala ya lugha, ingawa vipimo vya jumla vya akili vilipanda kidogo. Kompyuta zilifika, mwalimu hakuandaliwa vya kutosha. Hapa ndipo mimi natofautiana na profesa huyu, aliyefariki mwaka 2016. Alimwamini sana mtoto, na hilo ni jema, lakini mipango iliyojengwa juu ya jina lake ilimsahau mwalimu.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu wetu. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, kishikwambi kinachotumika kusomea kurasa zilezile za kitabu, darasa likiitikia kwa pamoja, ni ubao wa bei kubwa tu. Maofisa wanaopanga bajeti hawana budi kutenga fedha za semina za walimu sambamba na fedha za vifaa, si baada yake. Na wathibiti ubora wafikapo shuleni wasiridhike kuhesabu vifaa kabatini. Wamwite mwanafunzi mmoja, yeyote, awaonyeshe alichokitengeneza, kisha wamuulize alikosea wapi kabla hakijakamilika.