Kigango Si Pambo la Sebuleni

Safu ya Jumamosi
Na Mwanasiti Bakari

Sanaa ya imani katika pwani ya Kenya haipimwi kwa ustadi wa fundi peke yake, kwani kilichochongwa au kujengwa hupata hadhi yake pale jamii inapokivika, kukifukizia na kukitunza. Hayo yanadhihirika katika kigango, nguzo ya ukumbusho ambayo Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye mali na heshima.

Kigango huchongwa kwa mti mgumu unaostahimili mchwa; kichwa chake huwa duara au chenye sura ya mtu, kiwiliwili huwa ubao mrefu bapa, na juu yake hukatwa pembetatu ndogo ndogo zinazopangwa safu kwa safu na kutiwa rangi. Fundi akishamaliza, wafiwa hukifunga vitambaa na kukitambikia kwa tembo la mnazi, ili koma, yaani roho ya mzazi aliyetangulia, itulie na kuwaangalia walio hai. Mti, rangi, kitambaa na tembo ni viungo vya kazi moja, na anayeondoka na mti ameuacha uhai wake nyuma.

Kisiwani Mombasa, desturi inayokaribiana na hiyo iko Mbaraki, ambako mnara wa matumbawe uliojengwa kando ya msikiti wa kale, na ambao mapema katika karne ya 18 ulikuwa umekwisha kusimama, umekuwa ukipelekewa marashi, udi na vitambaa na wenye haja. Itikadi za pande hizi mbili hazifanani, na wapo Waislamu wanaoyakataa mazoea ya Mbaraki waziwazi. Hata hivyo, mnara na kigango vyote ni amana ya watu.

Amana hiyo imevunjwa sana, kwa kuwa vigango vingi viling'olewa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia Marekani. Viwili vilivyoibwa kutoka kwa familia moja ya pwani katika miaka ya 1980 vilirudishwa mwaka 2007, na jumba la makumbusho la Denver likarudisha 30 mwaka 2019. Lakini kurudi Kenya hakutoshi, maana kigango kisichojulikana ni cha ukoo gani hakina wa kukitambikia.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yenye dhamana ya Ngome ya Yesu katika Mji wa Kale wa Mombasa, yanapaswa kuwashirikisha wazee wa kaya, yaani maskani matakatifu ya Wamijikenda msituni yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, katika kila uamuzi wa kuvihifadhi, kuvionyesha au kuvirudisha vigango. Na mwenye hoteli au nyumba aliyekisimamisha kigango sebuleni kama pambo akirudishe, kwa maana kina wenyewe.