Mtoto Aliyekataa Chai

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la tatu, shule moja ya Eastlands ambayo sitaitaja. Saa nne asubuhi ni chai na mandazi. Siku hiyo rafiki yangu, tuliyeketi naye dawati moja, akanisukumia kikombe chake. "Chukua. Sisi hatunywi chai."

Kenya hii? Mtu hanywi chai?

Akanieleza huku akitafuna. Kwao kanisani kuna kitu kinaitwa Neno la Hekima: hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna kahawa, hakuna majani ya chai. Wao ni Wamormoni. Alikuwa ametimiza miaka minane, umri ambao kwao mtoto hubatizwa, na Jumamosi angezamishwa majini akiwa amevaa nguo nyeupe pepepe. "Kuja," akaniambia. "Kutakuwa na keki."

Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote.

Nilipofika nyumbani nikaomba ruhusa. Mathe akaacha kukata sukuma. Kesho yake asubuhi alikuwa shuleni, na kabla ya mapumziko rafiki yangu alikuwa amehamishiwa dawati la nyuma, peke yake. Eti anapotosha wenzake.

Sasa tuambiane ukweli. Shule hiyohiyo ilikuwa na kipindi cha PPI kila Ijumaa. Wageni walikuja na gitaa, tukafumba macho, tukaambiwa anayetaka kuokoka ainue mkono. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Mtoto akirudi nyumbani akiimba pambio za huko, tunasema amebarikiwa. Mtoto wa Kimormoni akimwalika rafiki yake kula keki, tunaita mkutano. Tofauti ni nini? Ni idadi tu. Wengi wakihubiri, hayo ni malezi. Wachache wakisema wanachoamini, hiyo ni njama.

Na hofu hii ina historia. Kanisa lao lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991. Mwaka 1994 Rais Moi akaunda tume ya kuchunguza ibada za shetani. Ripoti ilipofika bungeni mwaka 1999, Wamormoni na Mashahidi wa Yehova walikuwa miongoni mwa makundi yaliyodaiwa kupenyezwa na waabudu shetani. Ripoti ya serikali, si umbea wa saluni! Ndiyo maana Mei 2025, hekalu lao lilipowekwa wakfu Nairobi, kwenye grupu ya WhatsApp ya familia yetu maneno yalikuwa yaleyale: hao watu wana siri.

Utaniuliza, na kanisa lenyewe je? Si ndilo lililowanyima wanaume weusi ukuhani hadi 1978? Ndiyo, ndilo. Uliza, tena kwa sauti. Waulize viongozi wao, waulize wale vijana wanaotembea wawili wawili na mashati meupe. Lakini hilo ni deni la watu wazima. Usimlipishe mtoto wa miaka minane kwa kumkalisha peke yake.

Wengine husema watoto hawajui wanachokisema. Sawa. Kama hajui, mbona unamwogopa? Na kama hajui, mbona wako unamkaririsha aya za kusema mbele ya kanisa, halafu unapiga makofi? Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na kuionyesha hadharani. Inasema kila mtu. Haisemi kila mwenye kitambulisho.

Lakini mimi pia nina kesi ya kujibu. Kabla hajahamishwa, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa. "Alikulazimisha?" Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka keki, na nilitaka kumwona rafiki yangu na nguo zake nyeupe. Nikamwangalia mwalimu, nikaangalia sakafu, nikasema ndiyo.

Jumamosi sikwenda. Jumatatu saa nne nilimwona nyuma ya darasa, karibu na mfereji, akimwaga chai yake polepole chini. Hakuniita. Hatukuketi pamoja tena hadi alipohama mtaa.

Kwa hivyo wewe ambaye una mtoto, ama utakuwa naye: siku atakaporudi nyumbani na habari za imani ya rafiki yake, usikimbilie shule. Keti naye umsikilize. Akiomba kwenda Jumamosi, mpeleke.