Mikono Isiyo na Majina

Nina ugomvi wa siku nyingi na neno moja zuri. Neno lenyewe ni "uaminifu". Katika kanisa kuu la Westminster, mjini London, liko jiwe la kaburi la David Livingstone, na maandishi yaliyochorwa juu yake huanza kwa kumweleza msomaji kwamba maiti ililetwa pale na mikono yenye uaminifu, ikavushwa nchi kavu na bahari. Baada ya hapo hufuata jina la marehemu, sifa zake, tarehe na mahali alipozaliwa, tarehe na mahali alipofia. Majina ya wenye mikono hayamo. Imetajwa mikono tu, kana kwamba ilitembea peke yake, haina kichwa wala miguu, kutoka kijiji cha Chitambo mpaka Bagamoyo.

Hebu tuwataje basi. Tarehe 1 Mei 1873, kabla ya mapambazuko, kijana mmoja aitwaye Majwara alikwenda kumwamsha Abdullah Susi, akamwambia kwamba bwana hali yake si nzuri. Susi akamwita James Chuma na wenzake, wakaingia kibandani, wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kukata roho. Mahali hapo ni katika nchi ya Zambia ya leo. Pwani ilikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 1,600.

Mambo waliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yanayonifanya nigombane na lile neno. Kwanza walifanya kikao. Walifungua masanduku ya marehemu mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyesomea shule ya Nasik huko Bara Hindi, akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo, ili asije mtu akadai huko mbele kwamba kimeibwa. Chitambo, mwenye kijiji, aliwashauri wamzike pale pale, na ushauri ule ulikuwa wa busara, maana kupita na maiti katika nchi za watu kulikuwa ni kujitafutia mashaka, faini na hata vita. Wao wakaamua vingine. Farjala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari huko Unguja na kwa hiyo alikuwa ameona kazi hiyo ikifanywa, aliutoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala ya maziko, kisha akachonga jina na tarehe kwenye gome la mti ule. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa muda wa wiki mbili, ukafungwa katika gome la mti na kitambaa cha matanga, ukapakwa lami.

Nauliza: huo ni uaminifu tu? Hiyo ni kazi ya watu wenye maarifa, wenye utaratibu, waliojua sheria za nchi zote mbili, ile waliyokuwamo na ile walikokuwa wakiipeleka maiti.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi wa Oktoba, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron naye akawashauri wamzike hapo. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Huko mbele, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa kata kata kuipitisha maiti. Basi wakatunga hila. Walitengeneza mzigo wa mabua, wakaufunga vizuri ufanane na maiti, wakawapa wenzao wachache waurudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kushindwa na wanakwenda kuuzika. Usiku wale wakayatupa mabua porini, wakarudi mmoja mmoja. Maiti ya kweli ikafungwa upya, safari hii kama mtumba wa nguo, ikapita machoni pa watu bila ya kuulizwa neno. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Huko Uingereza, daktari aliyeipima maiti aliitambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Mfupa ule ulifika salama ili utambuliwe. Vilifika pia vitabu vya kumbukumbu za Livingstone, na ramani zake, na maandishi yake ya mwisho. Lau si kile kikao cha Chitambo na ile orodha ya Wainwright, vyote vingeliwa na mchwa. Na vilipotakiwa kuchapishwa mwaka 1874, Susi na Chuma waliitwa Uingereza wakae na mhariri, wamweleze njia ilivyopita, mito iliitwaje, na siku za mwisho zilikuwaje. Kitabu kikatoka. Jina lililokaa juu ya jalada ni la yule asiyeweza tena kuandika, na la mhariri ambaye hakuwako safarini.

Watu hawa hawakuwa mbwa wa kumfuata bwana popote aendapo. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walimkatalia, na Susi na Chuma walikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamechoka, wakasema wamechoka. Baadaye alipowapokea tena, hakuona ajabu, maana yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Mtu aliyewahi kusema "hapana" na kubaki alipo, kisha miaka mitano baadaye akachagua kubeba mzigo ambao hakuna aliyemlazimisha kuubeba, huyo ameamua. Kumwita "mwaminifu" na kuishia hapo ni kumnyang'anya uamuzi wake, ukamwachia mgongo tu.

Twende sasa Ujiji, mwaka 1871. Dunia nzima inaijua ile salamu ya Stanley kwa Livingstone. Imetiwa katika filamu, katika katuni na katika vichekesho vya kila namna, na hata asiyejua Ujiji iko wapi huisema. Lakini kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zimechanwa, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba maneno yale yalisemwa. Stanley huyo huyo ameandika kwamba kabla hajamwona Livingstone, mtu wa kwanza kumjia katika lile kundi na kumwamkia, tena kwa Kiingereza, alikuwa Susi. Naye aliyekuwa na Stanley katika msafara ule, miongoni mwa viongozi wake, alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa Bara Hindi, akapata uhuru wake, akarudi Unguja. Bombay alikuwa amekwisha kwenda na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, na Speke na Grant kuanzia 1860. Na baada ya Stanley akavuka bara zima pamoja na Cameron. Katika wote hao Wazungu, hakuna hata mmoja aliyezijua njia za Afrika ya Mashariki kama alivyozijua yeye. Hata hivyo mtoto wa shule wa Tanzania atakutajia Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron bila kupumua, na ukimwuliza Bombay atakwambia ni mji wa Uhindi.

Hapa kisu changu kinageukia upande wetu, maana kuwalaumu Waingereza ni kazi rahisi. Mimi nimefundisha historia. Katika vitabu vya mkoloni Livingstone alikuwa shujaa. Tulipopata uhuru tulivitupa vitabu vile, tukaandika vyetu, na humo akawa mmoja wa "wapelelezi", yaani mawakala waliofungua njia ya ukoloni. Tulijiona tumefanya mapinduzi. Lakini tulichogeuza ni hukumu tu. Wahusika tuliwaacha wale wale. Shujaa wa jana akawa mwovu wa leo, na Chuma akabaki "mpagazi" jana na leo. Miaka mingi niliandika ubaoni swali hili: "Taja wapelelezi watatu waliokuja Afrika ya Mashariki." Watoto walitaja, nami nikaweka vyema kwa wino mwekundu. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyewaonyesha njia, aliyesema na machifu juu ya hongo, aliyehesabu mitumba, aliyewapikia. Kosa hilo ni langu na ninalikiri.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtu ataniambia: hao walikuwa vibaraka, waliowasaidia wageni kuipima nchi, unataka tuwasifu kwa lipi? Namjibu hivi. Mwaka 1873 hakuna aliyejua kwamba miaka kumi na mmoja baadaye Wajerumani wangekuja na mikataba yao ya hila. Upagazi ulikuwa kazi ya mshahara, yenye ujuzi wake na heshima yake. Wanyamwezi waliijua kabla ya Mzungu yeyote kukanyaga bara, nao walijua kudai posho na kugoma wanapodhulumiwa. Tena Chuma alikuwa ameonja pingu za watumwa, akafunguliwa mwaka 1861 na msafara wa Livingstone na wamisionari. Kama mtu kama huyo aliona thamani katika mtu aliyepinga biashara ile, mimi niliyezaliwa huru nina haki gani ya kumwita kibaraka?

Wala siwataki wawe malaika. Ninataka wawe watu, wenye majina na wenye mwisho. Chuma aliendelea kuongoza misafara. Mwaka 1879 mkuu wa msafara mmoja wa Waingereza, Keith Johnston, alipofia Behobeho, uongozi ulimwangukia kijana Joseph Thomson mwenye umri wa miaka 21. Na aliyekuwa mnyapara mkuu wa msafara ule, uliofika maziwa ya Nyasa na Tanganyika na kurudi pwani mwaka 1880, alikuwa Chuma. Alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda Kongo, akarudi, akabatizwa kwa jina la David, akafa Unguja mwaka 1891. Wainwright, ambaye peke yake kati yao alishika jeneza siku ya maziko ya London, alifia Urambo mwaka 1892. Shajara aliyoiandika kwa mkono wake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Livingstone huko Blantyre, Uskochi. Na walikuwako wanawake safarini, kama Halima mpishi na Ntaoeka, ambao hata hao wachache wanaomkumbuka Chuma huwasahau.

Wenzetu wameanza kuamka. Mwaka 2009 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilifanya maonyesho juu ya watu hawa waliofichwa nyuma ya wasafiri wakubwa. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya ya safari ya maiti ile, akawapa Halima na Wainwright kazi ya kusimulia. Riwaya hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Sisi ambao Kiswahili chetu ndicho kilichokuwa lugha ya misafara ile, tunangoja nini?

Siombi sanamu. Sanamu huishia kunyewa na njiwa. Ninaloliomba ni dogo, na linawezekana Jumatatu asubuhi. Mwalimu mwenzangu, utakapofika kwenye somo la wapelelezi, usiandike lile swali langu la zamani. Andika hili: "Katika msafara uliotoka Chitambo mwaka 1873 na kufika Bagamoyo mwaka 1874, taja watu watatu na ueleze kazi ya kila mmoja." Na mtoto akijibu "walikuwa wapagazi waaminifu", mpe nusu ya alama, umrudishie daftari, umwambie akatafute majina.